Jaji haangalii pua

“Inayofuata ni lupu. Bado. Bado, kaka. Katikati hapo… sasa!”

Sauti yatoka nyuma ya bega langu la kulia na mwenyewe simwoni. Macho yangu yako juu, kwenye ndege yangu ndogo ya kuongozwa kwa redio, nyeupe yenye tumbo la rangi ya chungwa, iliyo mita 150 mbele yangu, na siwezi kuyabandua. Nyuma yetu wamekaa majaji watatu kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na mwandishi wake ubavuni, kwa sababu jaji naye akiteremsha macho ili aandike, kuna kitu kitampita. Tangu rafadha ianze kuzunguka hadi magurudumu yaguse nyasi tena, hakuna mtu atakayenisemesha ila huyu mmoja.

Ni mtoto wa mjomba wangu, mdogo kwangu kwa miaka minane, na kazi yake ni makanga wa matatu za Mtwapa. Watu waliniuliza kwa nini nisimchukue mrushaji mwenzangu aliyebobea. Sababu ni kwamba nimekuwa abiria wake mara nyingi. Makanga asiyejua kazi hutaja stegi gari likiwa limeshafika, na mama mwenye kapu la samaki ahangaika kuteremka huku dereva akipiga honi. Makanga anayejua hutaja Bombolulu ukiwa bado una muda wa kukusanya mizigo yako, lakini si mapema kiasi cha kukufanya usinzie tena. Msomaji wa ratiba, ambaye kanuni zamruhusu rubani kusimama naye, afanya kazi hiyo hiyo. Akitaja umbo mapema mno, akili yaliacha umbo ulilomo. Akichelewa, umeshaupita mlingoti wa katikati na alama zimekwenda.

Nataka kuueleza mchezo huu vizuri, maana jina lake lapotosha. Ukisema “sarakasi za angani”, mtu wa Mombasa awaza vijana wa hotelini wanaopandana mabegani mpaka wakawa mnara, au awaza ndege inayojibiringisha ovyo mpaka watu washike vifua. Sarakasi za usahihi ni kitu kingine kabisa. Rubani hana nafasi ya kubuni. Ratiba yajulikana mapema, kila umbo na mahali pake, na washindani wote wa daraja moja huruka ratiba ile ile. Lupu ni duara la wima angani; lupu yangu na lupu yako ni lupu moja. Kinachopimwa ni nani aliyeichora ikawa duara kweli.

Na hupimwa kwa ukali. Kila umbo huanza na alama 10, kisha kazi ya jaji ni kupunguza. Ndege ikipotoka nyuzi 15 kutoka pembe inayotakiwa, alama moja imeondoka. Duara likiwa na umbo la yai, zaondoka. Mstari wa kuingia ukiwa juu kuliko wa kutoka, zaondoka. Zinazobaki huzidishwa kwa kiwango cha ugumu wa umbo lenyewe, na mwisho wa raundi aliyeongoza hupewa 1000, wengine wote wakakokotolewa kumfuata yeye. Na yote hayo yafanyike ndani ya boksi: nyuzi 60 kushoto kwa mlingoti wa katikati, nyuzi 60 kulia, nyuzi 60 kwenda juu. Ukiruka mita 150 mbele yako, hesabu yakupa kama mita 260 kila upande, yaani nusu kilomita na kidogo kutoka bendera hadi bendera. Kipimo hicho nitakirudia.

Sifa ya nani alifanya jambo la hatari haimo. Mrusi Pyotr Nesterov, aliyeruka lupu ya kwanza duniani mwaka 1913 karibu na Kiev, aliadhibiwa na wakubwa wake kwa kuhatarisha mali ya serikali, kisha baadaye wakampandisha cheo. Mimi naona hukumu zote mbili zilikuwa na haki yake. Lakini miaka zaidi ya mia imepita, na lupu si ujasiri tena. Ujasiri siku hizi ni kukubali watu watatu waitazame lupu yako na waandike tarakimu.

Aliyenitia mchezoni alikuwa mzee mmoja wa Kihindi wa Makupa, Mungu amrehemu. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli na chumba cha nyuma kilichonuka gundi. Mimi nilikuwa mtoto wa tiara. Nilitengeneza tiara za karatasi na njiti za makuti, na siku moja tiara yangu ikanasa kwenye nyaya juu ya duka lake. Badala ya kunifukuza akaniuliza kwa nini nimeifunga kamba pale nilipoifunga. Nikamweleza. Akaniingiza ndani akanionyesha ndege. Kwa miaka alinifundisha kwa namna hiyo, kwa kuuliza kwanza. Yeye ndiye wa kwanza kunitajia Ed Kazmirski, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya kwanza ya dunia kule Uswisi mwaka 1960. Redio za wakati ule, alisema, kidole kilikuwa juu ya swichi: umeinua au hujainua, hakuna “kidogo”. Kuchora duara kwa swichi! Kila nikilalamikia sevo zangu, zile mota ndogo zinazosukuma usukani, namkumbuka Kazmirski.

Mzee aliwahi pia zama za kristali, ambapo kila redio ilikuwa na masafa yake, na wawili wakiwasha masafa yale yale ndege moja ilianguka bila mwenyewe kujua kosa lake. Redio za sasa za gigahezi 2.4 zimeuondoa msiba huo. Hazikuondoa mingine.

Msiba wa Mombasa ni chumvi. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, nashinda kwenye paa za hoteli za Nyali, kwa hiyo najua hewa yetu yafanya nini kwenye shaba na alumini. Inafanya hivyo hivyo kwenye ndege, ila kimyakimya. Beringi za mota hukwaruza mwezi wa tatu. Plagi ya betri huota ukungu wa kijani. Balsa, ule mti mwepesi unaotoka Ekuado, hunywa unyevu wa masika mpaka bawa likapinda kwa kiasi usichokiona kwa jicho, lakini ndege ikiwa wima yaanza kujizungusha yenyewe. Nimejifunza kufuta kila kiungo kwa kitambaa na mafuta mepesi kila nirudipo uwanjani, hata nikiwa nimechoka. Betri za lithiamu nazo hazipendi joto letu. Nazihifadhi kwenye sanduku la bati lililo chini kabisa ya chumba, zikiwa na chaji ya nusu, na siachi hata moja ndani ya gari hata kwa dakika kumi.

Ndege yangu si ya daraja la dunia. Zile za F3A, kama Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, linavyoliita daraja lenyewe, hufika mita 2 kwa mabawa na mita 2 kwa urefu, hazivuki hapo, na mpaka wa uzito kwa miaka mingi ulikuwa kilo 5. Yangu ina mabawa ya mita 1.6 na uzito wa kilo mbili na nusu, betri ya seli 6. Kwa shindano letu dogo ilitosha.

Shindano lilikuwa mwezi wa Agosti, siku mbili, kwenye uwanja wa nyasi ukishavuka daraja la Mtwapa. Kisiwani haiwezekani, na hata Changamwe yote haiwezekani, kwa sababu ndege za abiria zashuka Port Reitz na hakuna mtu mwenye akili anayetaka kuwa chini ya njia yao. Waandaaji walikuwa wameshughulikia vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Tulikuwa saba: wanne wa pwani, watatu wametoka Nairobi. Raundi nne, ile mbaya kuliko zote hutupwa, maumbo 11 katika ratiba.

Agosti jua liko kaskazini yetu, kwa hiyo mstari uliwekwa tukiwa tumeelekea kusini, jua likitupiga kisogoni. Ni uamuzi sahihi. Rubani aliyepofuka kwa jua hata kwa nukta mbili hana ndege. Lakini Agosti pia ni Kusi. Alfajiri upepo wa nchi kavu wapumua tu, majani ya minazi hayasemi, na ukiruka saa moja asubuhi wadhani wewe ni bingwa. Ikifika saa nne Kusi yaamka. Nasi tulikuwa tumeelekea kusini, kwa hiyo ilitupiga usoni, na kila ndege iliyopita mbele yetu ilisukumwa kuja kwetu.

Kura ikanipa namba 6.

Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi minne. Asubuhi kabla ya kazi, siku tatu kwa wiki. Usiku kwenye kompyuta, kwa programu ya kuigiza, umeme ukiwepo. Na njia nyingine ambayo wote wa mchezo huu waijua: wachukua kijindege kidogo kilichochomekwa kwenye kijiti, wasimama ukumbini, wakiruka kwa mkono ratiba nzima, polepole, ukitaja kila kidole gumba chafanya nini. Mama yangu alizoea kunikuta hivyo nikizunguka kati ya makochi. Aliniuliza mara moja tu, “Hii ndiyo kazi ya leo?” Nikamwambia ndiyo. Akasogeza meza.

Raundi ya kwanza niliruka saa nne na nusu. Nilishuka nikiwa na furaha. Lupu ilionekana lupu, roli, yaani ndege kujizungusha juu ya mhimili wake, ilionekana roli, sikusahau umbo, sikutoka kwenye boksi. Binamu yangu alinipiga bega. Kisha karatasi zikabandikwa kwenye ubao wa kibanda. Lupu: 6, 5.5, 6. Roli ya polepole: 4, 4, 3.5. Ile S ya kuteremka, ambayo naipenda kuliko zote: 5, 5, 5.5. Jumla baada ya kukokotolewa, 738. Nilisimama pale nikizisoma kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mtu mwingine.

Raundi ya pili, mchana, upepo umekaza, 721.

Jioni nilimwendea jaji mmoja, mtu mzima ambaye amewahi kushindana nje ya nchi, nikamsalimu, nikamwomba anieleze. Hakuzunguka. “Maumbo yako mazuri,” alisema. “Lakini huruki mistari. Kila ukitoka kwenye umbo, ndege yaingia ndani mita kumi, mita kumi na tano, halafu wakumbuka, wairudisha nje. Mimi nauona mpindo. Nauona ukienda na nauona ukirudi.”

Nilimjibu kwamba nilikuwa narekebisha upepo. Akatikisa kichwa kwa upole. “Wewe warekebisha kosa. Upepo hujaurekebisha.”

Yafaa nisimame hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo lenyewe. Kila anayerusha ndege ajua kwamba upepo wa ubavuni hupingwa kwa kuelekeza pua upande unakotoka upepo, mabawa yakibaki bapa. Ndege yaenda mshazari kama kaa, ilhali njia yake yabaki sawasawa. Jaji haangalii pua. Hata pua ikiwa imegeuka nyuzi kumi, maadamu njia imenyooka hakuna alama inayopotea. Niliyajua hayo kwa miaka. Ningeweza kuyafundisha. Na bado kwa siku nzima sikuyafanya.

Usiku huo kulikuwa na arusi Likoni. Tulirudisha ndege nyumbani, tukaoga, tukavuka. Tulikuwa watatu: mimi, binamu, na mjomba mwenyewe, babake, ambaye ujanani alikuwa nahodha wa jahazi kati ya Bandari ya Kale na Lamu na sasa goti lake halimpi ruhusa ya kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Tukasimama kwenye feri upande wa mbele pamoja na halaiki ya watu, baiskeli, mikokoteni, mayai. Ilikuwa bamvua na maji yalikuwa yakipwa, yakitoka bandarini kwenda bahari kuu kwa nguvu. Ungeweza kuona mikunjo yake juu ya uso wa bahari.

Mjomba aliniuliza shindano limekwendaje. Nikamweleza, bila kuficha. Akaniuliza kama hicho chombo changu chasukumwa na pepo. Nikamwambia ndiyo, ubavuni. Alinyamaza. Feri ikang’oa kutoka gatini.

“Tazama,” akasema.

Nikatazama ng’ambo, tunakokwenda. Pua ya feri haikuwa imeelekea gati la Likoni hata kidogo. Ilielekea upande wa Mtongwe, kulia kabisa, kama kwamba nahodha amekosea.

“Wewe watazama kitwa chake,” mjomba akasema. “Tazama ndia.”

Njia ilikuwa imenyooka. Nikiupanga mlingoti wa taa wa ng’ambo na nguzo iliyokuwa mbele yetu, havikuachana. Chombo kikubwa vile, magari ndani yake, watu wasiohesabika, kinakwenda kimegeuza uso pembeni na bado chafuata uzi. Nimevuka Likoni tangu nibebwe mgongoni. Sijawahi kukiona kitu hicho.

“Na hakungoja kusukumwa,” mjomba akaongeza. “Atoka gatini tayari amekwisha kupinda. Angengoja asukumwe ndipo apinde, angekuwa apigana na mai mpaka ng’ambo.”

Upana wa mlango wa Likoni ni karibu nusu kilomita. Upana wa boksi, bendera hadi bendera, ni nusu kilomita na kidogo. Nilisimama pale nimeshika bomba la chuma, watu wanajisogeza mbele kujitayarisha kushuka, na nikaziruka upya raundi zangu mbili kichwani. Kila mara nilimaliza umbo la kugeuzia pale mwisho wa boksi nikiwa nimeelekeza pua sawa na mstari, safi, kama nilivyozoea alfajiri kusipokuwa na upepo. Kisha Kusi yanichukua. Kisha nauona umbali ukipungua. Ndipo napinda. Mpindo ule ndio ambao jaji aliniambia auona. Nahodha wa feri alikuwa amemaliza hesabu yake kabla ya kamba kufunguliwa.

Neno rubani lenyewe lilikuwa la baharini kabla ya kuwa la angani; rubani ndiye ajuaye maji ya mahali, aongozaye meli kuingia bandarini. Sikuwahi kulifikiria hilo kama jambo linalonihusu.

Arusini nilikula pilau bila kujua ladha yake. Binamu yangu alinikuta uani nimeshika kijiko kama kijindege, nikikigeuza mwisho wa meza na kukitoa mshazari. Akakaa. Tulikubaliana jambo moja: kuanzia kesho, kabla sijatoka kwenye umbo la kugeuzia, atataja kwanza neno moja. “Pinda.” Si ndege ikiwa imeshatoka. Ikiwa bado imo ndani ya mgeuko, inateremka.

Jumapili Kusi haikungoja saa nne. Saa tatu kasoro bendera za boksi zilikuwa zimenyooka kama ubao. Wenzetu wa Nairobi walizitazama na mmoja akaomba betri yake ipimwe tena, maana kupambana na upepo hula umeme. Raundi ya tatu namba yangu ilikuwa 3.

“Pinda,” binamu akasema, ndege ikiwa juu, inaanza kurudi chini. Nikapinda pua nje, kusini, kiasi cha nyuzi nane nadhani, kisha nikavuta kutoka kwenye mteremko pua ikiwa imeshakaa hapo. Na mstari ukatoka. Sikufanya chochote. Hilo ndilo lililonishtua, kwamba sikuwa na la kufanya. Ndege ilipita mbele yetu imegeuza uso pembeni, imekwenda uzi, na vidole vyangu vimetulia.

“Roli ya polepole. Bado. Anza.”

Roli ya polepole yaonekana rahisi kwa mtazamaji. Ndege yajizungusha mara moja juu ya mhimili wake, taratibu, ikipita kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine, nusu ya mzunguko ikiwa katikati kabisa. Ndani ya nukta hizo tano au sita kazi za vidole zabadilishana mara nne. Ikilala kwa ubavu, mabawa hayabebi tena. Kiwiliwili chenyewe ndicho kibebe, na usukani wa mkiani ndio uinue pua. Ikipinduka chali, lazima usukume pale ulipokuwa ukivuta. Kisha ubavu wa pili, usukani upande wa kinyume. Na juu ya yote hayo, upepo: ule mpindo wa nyuzi nane lazima ubaki vile vile angani ilhali ndege yenyewe inazunguka, kwa hiyo mpindo uliokuwa wa usukani wawa wa elevata, kile kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua, kisha warudi kuwa wa usukani kwa upande mwingine. Jumamosi nilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, kuizungusha ndege na kuirudisha nje. Siku hii nilikuwa na moja.

Nilipotua sikujua nimefanyaje. Binamu naye hakusema kitu, alikusanya waya na redio tukaondoka mstarini. Karatasi ilipobandikwa: roli ya polepole, 7.5, 8, 7.5. Lupu 7, 7.5, 7. Jumla 864. Nilimtafuta yule jaji kwa macho, alikuwa ameinamia karatasi za mwenzangu, sikumsumbua.

Raundi ya nne ndiyo iliyoniuma, na ningali nayo kooni. Upepo ulikuwa umezidi. Tulianza vizuri kuliko ya tatu. Naamini mpaka umbo la saba nilikuwa mbele ya kila raundi niliyowahi kuruka. La nane lilikuwa stoli tani. Ndege yapanda wima mpaka ikaribie kuishiwa mwendo kabisa, hapo waipa usukani wote, igeuke juu ya ncha ya bawa lake kama mlango juu ya bawaba, ishuke kwa njia ile ile iliyopandia. Wakati wa kusukuma usukani ni mfupi. Ukiwahi, ndege yachora upinde badala ya kugeuka. Ukichelewa, imeshakufa mikononi mwako.

Nilichelewa. Nilikuwa naushughulikia mstari wa kupanda, upepo unausukuma kuja kwetu na mimi nauegemeza nje, na ulikuwa unapendeza, ulikuwa mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kupanda, na nikautazama. Nukta moja tu. Ndege ikasimama, ikarudi chini kwa mkia, kisha ikaanguka mbele kama embe. Niliiokoa juu sana, haikuwa na hatari. Majaji wote watatu waliandika sifuri. Sifuri ni halali, umbo halikuchorwa.

“Endelea, kaka. Inayofuata nusu roli. Pinda,” binamu akasema, sauti ile ile, kama kwamba tumekosa stegi moja tu na gari bado lakwenda. Nikaendelea. Maumbo matatu yaliyobaki yalipata saba saba. Raundi hiyo ikatoka 779, na jumla ikaniweka wa nne kati ya saba. Wa tatu alinipita kwa alama 31. Stoli tani hata ya 5 ingeniweka mbele yake, hesabu hiyo niliifanya mara moja na sikuirudia.

Tulirudi mjini kwa matatu ya wenzake, mabawa yamefungwa kwa shuka na kiwiliwili nimekilaza mapajani. Binamu hakuwa kazini lakini alikaa mlangoni kwa mazoea. Baada ya Shanzu alinyoosha mkono nimpe karatasi. Alizisoma zote, mstari kwa mstari, kidole kikishuka. Alipofika umbo la nane la raundi ya nne akasimama hapo.

“Hii nami nina yangu,” akasema. “Nilikuwa nimekutajia kupanda. Sikukutajia kusimama. Kesho kutwa n’takutajia.”

Zamu yake ya kwanza Jumanne ni saa moja na nusu. Upepo wa nchi kavu utakuwa bado haujafa. Nimechaji betri tatu, na zote tatu ni za stoli tani.